Diski Iliyozunguka Bila Waya

Haya yalimpata rafiki yangu, fundi kompyuta, na huyasimulia kichwa kainamisha. Linux, mfumo unaoendesha kompyuta yake, ilikuwa ikibadilisha majina ya diski kila anapozichomeka, naye kwa haraka zake akaifuta ya dada yake akidhani ni nyingine, yenye sauti za marehemu mama yao. Ndipo akaweka mpangilio wa kuitambua kila diski kwa namba yake. Alikuwa amechelewa.

"Imekufa yenyewe, dada," alimwambia alipoifuata karakanani kwake, akachomoa waya wa diski.

Umeme ukakatika. Karakana ile haina dirisha. Gizani wakasikia diski ikizunguka mezani, ikikoroma polepole. Waya ulikuwa bado mkononi mwake.

Dada akapapasa, akaiokota, akaiweka sikioni. Alisikiliza muda mrefu.

"Kaka," akasema taratibu, "kwa nini uliifuta?"