Mkono wa Joho

Majirani walimwita Mama Mishono. Alikuwa na cherehani moja, mdomo mwepesi, na oda ya majoho thelathini ya kwaya ambamo yeye mwenyewe aliimba. Vipande vya kitambaa vilizagaa chumbani mwake, na kila aliyeingia aliambiwa avue viatu, hata awe mchungaji.

Wiki ile alikuwa akicheka peke yake. Mwalimu wa kwaya, mtu wa haraka, alikuwa amechukua joho lake kabla halijakamilika. Mikono ilikuwa imepigwa bandi tu, yaani imeshikizwa kwa uzi wa muda kabla ya kushonwa kwa mashine. Alipoinua mikono kuongoza wimbo wa pili, mkono mmoja wa joho uliachia bega ukaangukia kinanda. Wimbo ukaishia hapo.

Kicheko kilikuwa kimeadimika katika nyumba ile. Miezi michache nyuma, Mama Mishono alikuwa akioga akagusa uvimbe kwenye titi la kushoto. Haukuuma, naye akataka kuupuuza. Mumewe, fundi wa kuchomelea mageti, alikataa katakata. Walikwenda hospitali pamoja. Uvimbe ulipigwa picha, kipande kidogo kikachukuliwa na kupimwa. Ilikuwa saratani. Daktari alipanga dripu sita za dawa, moja kila wiki tatu, kisha upasuaji.

Dripu tatu zilipita. Nywele zilipukutika na chakula kikamshinda. Mumewe alimpikia uji, akampigia pasi majoho, akaunguza kola mbili. Mama mkwe alihamia kwao na Biblia yake na miwani yake, akashika kazi ya kutunga uzi kwenye sindano. Kila asubuhi walisali wote watatu.

Ijumaa ya wiki ile ya kicheko, Mama Mishono alijipapasa asiuguse uvimbe. Akajipapasa tena. Machozi ya furaha yakamtoka. Aliwaambia kwamba Jumapili atatoa ushuhuda kanisani kuwa amepona, na Jumatatu haendi kwenye dripu ya nne. Mama mkwe akasema haleluya. Mumewe hakutaka kubishana naye, wala kuonekana anabishana na Mungu, lakini aliogopa sana kumpoteza. Akatoka polepole kwenda kumwita jirani yao muuguzi.

Muuguzi alivua viatu, akakaa juu ya jora la kitambaa. Hakumlaumu.

"Unashukuru, nami nashukuru," alisema. "Dawa inafanya kazi. Lakini saratani ina chembe ndogo mno, kidole hakizigusi. Ukiacha katikati, zinaweza kukua tena, na safari hiyo zikawa ngumu kutibu."

"Nikisema Mungu ameniponya, halafu kesho yake nikalale kwenye dripu, si nitakuwa nimemfanya Mungu mwongo?"

Hilo ndilo lililokuwa limemkaba. Muuguzi alitazama joho la mwalimu, lililorudishwa na kutundikwa mlangoni likiwa na mkono mmoja.

"Hili limeisha?"

"Limeisha wapi? Hiyo ni bandi tu."

"Mbona lilimkaa vizuri?"

"Lilimkaa mpaka alipoinua mikono."

Mama Mishono aliyasikia maneno yake mwenyewe. Vidole vyake vikatulia juu ya cherehani.

"Kumbe mimi nimepigwa bandi," alisema taratibu.

"Tena vizuri. Sasa mwache Fundi amalize."

Mama mkwe alivua miwani akaifuta. "Mimi nilimwomba Mungu akuponye, mwanangu," alisema. "Sikumwambia asipitie hospitali."

Jumapili Mama Mishono alisimama mbele ya kanisa na kilemba chake. Alisema uvimbe umepungua na anamshukuru Mungu, lakini matibabu bado, wamwombee asichoke njiani. Mchungaji akamwombea yeye na madaktari wake. Baada ya ibada, mwanamke mmoja alimvuta pembeni. Alikuwa ameficha uvimbe wake tangu mwaka uliopita. Jumatatu walikwenda hospitali wote wawili.

Njia haikuwa nyepesi. Baada ya dripu ya tano alipata homa. Muuguzi alikuwa amewaonya kwamba homa wakati wa dripu haisubiriwi nyumbani. Mumewe aliacha geti nusu, wakafika hospitali ndani ya saa moja. Aliwahiwa.

Dripu ya sita ilipokwisha, titi likaondolewa. Alilia siku nyingi, wala hakuficha. Mkono wa kushoto uligoma kupanda. Alifundishwa zoezi la kupandisha vidole ukutani, kidogo kidogo, kila siku. Mumewe aliweka alama kwa chaki ya ushonaji pale vilipofika, na mama mkwe akamtuhumu kwamba anaiweka juu kuliko vidole. Baadaye ikaja mionzi. Ilipokwisha, daktari alisema vipimo ni vizuri, ila asikose tarehe za kurudi kupimwa. Alizibandika ukutani, juu ya cherehani.

Siku ya majoho mapya, mwalimu wa kwaya aliinua mikono kuanzisha wimbo. Kanisa zima lilimtazama mabega. Mishono ilishika. Katika safu ya mbele, Mama Mishono alivuta pumzi, akainua mkono wake wa kushoto polepole, ukapita kimo cha alama ya mwisho ya chaki kule nyumbani, akaimba.