Ukurasa wa Pili wa Fomu ya Gélase

"Kitenge kimefika?"

"Kimefika. Lakini hakikunjuki."

"Kikunjue. Mzigo unasafiri leo adhuhuri."

Simu ikakatwa.

Mauwa Ngongo aliitumbukiza Tecno yake ndani ya pochi, akaikazia macho kompyuta ya kukodi iliyokuwa mbele yake. Katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, watu walimjua kama mwanamke wa Kindu, Kongo, anayeuza vitenge. Hawakujua kwamba alikuwa jasusi wa kitengo cha siri kinachosaka wauzaji wa watu. Sauti ya kwenye simu ilikuwa ya mkuu wake, Aristote, aliyekuwa Lilongwe.

Kitenge kilikuwa fomu; mzigo ulikuwa wasichana.

Fomu ya kuomba kazi za hoteli ng'ambo. Ilipita kambini kwa WhatsApp, kutoka shirika ambalo hakuna aliyewahi kulisikia, lenye ofisi moja tu mtaani Biwi, Lilongwe. Wasichana walikwenda huko kuijaza. Hakuna aliyerudi.

Mauwa aliibofya tena. Duara dogo likazunguka. Ukatokea ukurasa mweupe wenye maneno mawili katikati: Tafadhali subiri.

Alisubiri. Hakikuja kitu.

Akaipakua, akaifungua kwa programu nyingine. Safari hii visanduku vilionekana: jina, tarehe, sahihi. Alibofya kwenye jina. Akapiga herufi. Kisanduku kikabaki kitupu, kana kwamba kibodi imekufa. Alibofya tena kwa nguvu, na programu nzima ikajifunga yenyewe.

"Mshenzi wewe," aliiambia mashine.

Nje mtu alikuwa akiita jina lake. Alikuwa Béatrice, mama wa Bukavu aliyeuza maandazi karibu na kanisa. Kilemba kilikuwa kimemlegea na hakuwa na habari nacho.

"Mama Mauwa, Charlène alienda Biwi jana, juu ya ile formulaire. Simu yake haiite tena."

Mauwa alimshika mkono. Charlène alikuwa binti pekee wa Béatrice, fundi cherehani, ndiyo kwanza ameanza kupata wateja wake mwenyewe.

"Alikuambia nini mbele ya kwenda?"

"Alisema ile formulaire inaulizaga kama uko na ndugu mwenye atakutafuta. Ukiandika ndiyo, inakukatala. Njo batoto bote baliambiana: muandike hapana." Béatrice alijipiga kifua. "Mama Mauwa, mutoto wangu aliandika hana mama. Na mi niko hapa."

Mauwa alisogea pembeni, simu mkononi. 

Akampigia Aristote.

"Fundi wetu wa kompyuta anasemaje?"

"Imefungwa makusudi. Ameona ni kurasa mbili, na ya mwisho inataja kituo cha kupokelewa, lakini haifunguki. Inajazika kwenye mashine yao peke yake. Njo vile banavuta batu Biwi."

"Basi naenda Biwi."

"Mauwa, wale bako na silaha."

"Bila ukurasa wa mwisho hatujui wasichana wako wapi. Una njia nyingine?"



"Weka sikio," Aristote alisema.

Sikio lilikuwa kifaa kidogo kama punje ya hindi. Mauwa alikipachika sikioni, akafunga mtandio wake juu yake. Kipaza sauti kilikuwa ndani ya bizimu ya mtandio. Bastola aliiacha. Alijua watampekua.

Walimpekua.

Ofisi ya Biwi ilikuwa nyuma ya duka la vipuri vya baiskeli. Mlinzi wa mlangoni, jitu lililoitwa Ciza, alimnyang'anya simu, akamsukuma ndani kwa kiganja. Gari jeusi, Fortuner, lilikuwa limeegeshwa uani. Ndani mlikuwa na meza, kompyuta ya HP, na mwanamume mwenye suti ya kijivu iliyopigwa pasi vizuri mno kwa chumba kile. Alikuwa mwenye shirika, Gélase.

"Umechelewa, mama. Tunafunga leo."

"Mzee, nisaidie. Ile fomu inanikatala kwa kila mashine."

"Si mashine. Ni kichwa chako." Gélase alimsogezea kibodi kwa ncha ya kidole, kama mtu anayeogopa kuchafuka. "Jaza mwenyewe. Sitaki mutu aseme kesho tulimuandikia."

Mauwa aliketi. Fomu ilifunguka mara moja, yenye rangi na nembo. Jina. Akaandika la uongo, kwa kidole kimoja, polepole. Tarehe ya kuzaliwa. Akaandika. Kisanduku kikawa chekundu.

Akafuta, akaandika tena. Chekundu.

"Batu ba kambi," Gélase alisema, akicheka kwa pua. "Mnataka kwenda ng'ambo na hamjui hata siku mlizaliwa."

Mashine ilitaka mwezi utangulie siku. Mauwa aligeuza tarakimu, na kisanduku kikakubali. Swali likachomoza chini yake.

Je, una ndugu atakayekuulizia?

Ndiyo. Hapana.

Alimkumbuka Béatrice na kilemba chake kilicholegea. Akabofya Hapana.

Ukurasa wa pili ukafunguka.

Mauwa alisogeza uso karibu na kioo, akaanza kusoma kwa sauti, akikokota maneno kama mtu aliyeacha shule mapema.

"Ki-tuo cha ku-pokelewa. Gha-la la tumbaku, nyuma ya soko, M-ponela. Geti la kijani."

"Nimepata," Aristote alinong'ona sikioni. "Timu inatoka. Toka na wewe."

"Mama."

Sauti ya Gélase ilikuwa imebadilika. Hakuwa anacheka tena.

"Bote banakwamaga kwa ile tarehe. Banalia, mpaka mi nawaonyesha. We umejua aje?"

"Nimebahatisha, mzee."

"Ciza! Funga mlango!"

Gélase aliingiza mkono ndani ya koti. Mauwa hakungoja kuona kitakachotoka. Aliipiga meza kwa miguu yote miwili. HP ikamwangukia Gélase kifuani, naye akaenda chini na kiti chake. Bastola, Glock, ikateleza sakafuni.

Ciza aliingia kama fahali.

Mauwa aliinama, akaiacha ngumi ipite juu ya kichwa, akaiokota UPS, betri nzito ya kompyuta iliyokuwa chini ya meza, na kumpiga nayo gotini. Mfupa ulilia. Ciza akapiga magoti. Pigo la pili lilimlaza.

Gélase alikuwa akitambaa kuelekea Glock.

Mauwa aliikanyaga mikono yake, akaichukua yeye bastola.

"Ufunguo wa gari."

"Utakufa, mwanamke. Hujui ni nani bako nyuma yangu."

"Ufunguo."

Aliutoa.

Akamfunga kwa nyaya za kompyuta yake mwenyewe, akamfunga Ciza pamoja naye, akachukua Tecno yake mfukoni mwa Ciza.

"Aristote, wawili wako Biwi, wamefungwa. Tuma mtu."

"We unaenda wapi?"

Fortuner ilikuwa imeshanguruma.

Aliikimbiza bila huruma kwenye barabara kuu ya M1, kuelekea Mponela. Malori ya tumbaku, kabaza, zile baiskeli za kubeba abiria, mbuzi, vibanda vya nyanya, vyote vilipita pembeni. Jua lilikuwa linakaribia utosini.

"Timu imekwama kwa kizuizi cha barabarani," Aristote alisema. "Polisi wa Mponela bako njiani kwa miguu."

"Kwa miguu?"

"Gari yao haina mafuta."

Mauwa alikanyaga zaidi.

Geti la kijani lilikuwa linafunguliwa alipofika nyuma ya soko. Lori la Isuzu lilikuwa linatoka, limejaa magunia ya mahindi. Dereva aliiona Fortuner ya bosi wake, akapunguza mwendo na kupunga mkono.

Mauwa aliiegesha mbele ya bampa lake, mdomo kwa mdomo. Akashuka na Glock.

"Zima."

Dereva alizima. Mwenzake aliruka mlango wa pili, akakimbilia sokoni, moja kwa moja mikononi mwa polisi waliokuwa wanakuja wakihema.

Wanaume wa soko walisaidia kushusha magunia. Nyuma ya safu ya pili kulikuwa na ubao. Nyuma ya ubao kulikuwa na wasichana, wamebanana, nywele zimelowa jasho, wakifinya macho kwa mwanga. Wa mwisho kushuka alikuwa Charlène. Aliruka chini kutoka kwenye lori. Mauwa alimdaka kiunoni.

"Tantine?" Charlène alimtazama usoni shangazi huyu wa vitenge, kisha akaitazama bastola. "Ni we?"

"Ni mimi."

"Balituambia hakuna mutu atatutafuta. Balicheka. Balisema sisi wenyewe njo tuliandika."

Mauwa alipiga namba, akamwekea simu sikioni. Upande wa pili Béatrice alipiga kelele moja tu, na Charlène akaketi vumbini akilia na kucheka.

Inspekta wa polisi, shati limemganda mgongoni, alimkaribia Mauwa akiwa na daftari.

"Zikomo, asante, madamu. Waandishi wa habari wanakuja. Niandike jina gani?"

Mauwa alitoa risasi kwenye Glock, akamkabidhi bastola mkononi, kisha risasi.

"Andika majina ya hawa wasichana," alisema. "Na ya mama zao. Usimruke hata mmoja."

Akakaza mtandio wake na kuingia sokoni, akipita kati ya wanunuzi wa mahindi bila haraka, na inspekta alipoinua macho kutoka kwenye daftari hakumwona tena.