Kipete Kilichotumbukia Ndani ya Injini

Kila Jumamosi asubuhi, Shiori alifagia karakana ya nyumbani kwao mjini Hamamatsu, Japani, akavaa ovaroli, kisha akamngoja Bibi Tokie. Katikati ya karakana ilisimama pikipiki nyekundu ya mwaka 1957, iliyoachwa na marehemu babu yake. Jumamosi moja, Bibi alikuwa aiendeshe kesho yake kwenye msafara wa pikipiki za zamani, lakini ilikuwa ikitoa moshi na kukosa nguvu. Ilibidi wafungue sehemu ya juu ya injini.

Walilegeza nati, wakanyanyua kichwa cha injini. Bibi akaigonga silinda taratibu kwa nyundo ya mpira, ikachomoka. Pistoni ikabaki imesimama wima, nyeusi tii kwa masizi.

"Lo! Kama sufuria ya wali ulioungua!" alicheka Genta, mtoto wa jirani aliyekuja kutazama, uso wake umejaa grisi.

"Jicheke mwenyewe kwanza. Huo uso wako una nafuu gani?" Bibi alimjibu. "Shiori, ziba uwazi wa chini ya pistoni kwa kitambaa kabla hujatoa kipete. Naenda kuwaletea matonge ya wali."

Kipete hicho kilikuwa waya mdogo ulioshikilia pini ya pistoni. Shiori alitaka Genta auone ufundi wake, akaona kitambaa kitamchelewesha. Akakibana kipete kwa koleo. Pa! Kikaruka, kikatumbukia ndani ya injini.

"Nyamaza," Genta alinong'ona. "Kipya si kipo kwenye boksi? Nani atajua?"

"Injini itajua," Shiori alisema. Akilini alimwona Bibi yuko kwenye kona ya barabara na gurudumu linakwama ghafla.

Bibi aliporudi na sinia, Shiori hakungoja kuulizwa. "Bibi, sikuziba. Kipete kimeingia ndani. Nilikuwa najionyesha."

Bibi alikunja uso, akaweka sinia chini. "Haya, kuleni mshibe. Injini yote inashuka."

Waliishusha, wakaipindua juu chini, wakaitikisa huku na huku kama kayamba. Bibi aliimba, watoto wakacheka mpaka mikono ikawalegea. Mara, tiing! Kipete kikadondoka sakafuni, na Genta akakirukia kama kipa.

Alasiri pistoni ilikuwa inang'aa, ringi mpya za pistoni zimeingia, na injini imerudi mahali pake. Safari hii Shiori alifunga kila nati bila haraka. Bibi akapiga kiki mara moja, mara mbili. Ya tatu, injini ikanguruma.

"Inaimba!" Shiori alipiga kelele.

Bibi alimshika bega. "Kuharibu hata mimi naharibu, mjukuu wangu. Lakini fundi akikosea husema palepale, kwa sababu kuna mtu atakayepanda chombo hicho akimwamini. Leo umekuwa fundi. Sasa lete kofia yako ngumu, tukaijaribu."

"Na mimi je?" Genta alilalamika.

"Wewe kanawe uso kwanza!"