Kaunta Nyeupe ya Brashi

Jamani, nipeni masikio yenu kidogo. Haya ninayoyasimulia yalitokea katika nyumba kama yako, na aliyeyasababisha hakuwa mlevi wala mwizi. Alikuwa baba mpole, mwenye kuwahi kurudi nyumbani, anayewapenda wanawe. Ndiyo maana nataka mnisikilize vizuri.

Mtaani walimwita Brashi kwa sababu ya kazi yake ya kupaka rangi nyumba za watu. Asubuhi moja ya Jumapili alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha jikoni, kikombe cha chai mkononi, akimtazama mwanawe wa mwisho, Bonge, ambaye jina hilo alipewa na mashavu yake. Mkewe alikuwa ameinama akikoroga uji. Jiko lao la gesi la plate mbili lilikaa sakafuni tangu siku walipohamia, na mgongo wa mama wa watu ulishazoea. Redio ya jirani ilikuwa inaimba. Nyumba ilikuwa na amani.

Ndipo Bonge, aliyekuwa akikaa tu pale anapowekwa kama gunia la mchele, akaweka viganja chini, akainua makalio, akaanza kutambaa. Brashi akapiga makofi kwa furaha. Mtoto akatambaa moja kwa moja kuelekea kwenye moto, na mama yake akamdaka akiwa amebakiza shubiri moja tu kuufikia.

"Umeona, baba watoto?" alisema mkewe huku akihema. "Hili jiko lazima lipande juu. Mtoto ameanza safari zake, na safari ya kwanza ni motoni."

"Litapanda," Brashi akasema. Na alilimaanisha neno lake.

Jioni ile akaja shemeji yake, kaka wa mkewe, fundi mwashi mwenye utani usiokwisha. Akapima ukuta, akachora mstari kwa penseli juu ya plasta.

"Nikujengee tofali, shemeji, juu tumimine zege, halafu uchague uso wake," alisema. "Saruji ya kusugua ndiyo rahisi kuliko zote. Mbao inapendeza, ila karibu na moto na maji itakusumbua. Mimi ningekuwekea vigae. Tukitafuta yale mabaki ya dukani utapata kwa bei ya kuongea, na kikipasuka kimoja tunabandua kimoja. Wiki ijayo dada yangu anapika amesimama."

"Na marumaru nyeupe? Ile ya jiwe lenyewe?"

Shemeji akacheka. "Ya jikoni au ya kaburi la tajiri? Lile jiwe linakunywa, shemeji. Manjano yakidondoka hayatoki, na ndimu inalila. Wenye nalo hulipaka dawa ya kulikinga, tena kila baada ya muda. Mtu hujikuna ajipatapo."

Brashi alisikia, lakini moyo wake ulikuwa mbali. Msimcheke upesi. Kwa miaka mingi alikuwa amepaka rangi kuta za jikoni kwa watu wenye nafasi, na mara nyingi, wenye nyumba wasipokuwepo, alipitisha kiganja chake juu ya yale mawe meupe yenye baridi tamu. Kisha anakunja ngazi yake, anarudi kwenye jiko la sakafuni akiwa na rangi hadi masikioni. Kutamani si dhambi. Dhambi ilikuja baadaye.

Kwenye nyumba aliyokuwa akiimalizia kulikuwa na bamba moja la marumaru lililobaki, limemeguka pembe. Mwenye nyumba akamwachia kwa bei iliyopunguzwa. Hata hivyo lilimeza kila walichokuwa wameweka kando kwa ajili ya jiko, na ile dawa ya kulikinga ikabaki kuwa ahadi. Shemeji akajenga tofali, akalipandisha juu yake huku akinung'unika. Jiko la gesi likawekwa juu, mkewe akanyoosha mgongo, na Bonge akatambaa sakafuni apendavyo, hakuna kinachochemka wala kuwaka chini alipo.

Majirani wakaja kutazama. "Hongera! Kumbe tunaishi na wakubwa!" Brashi akawa halali tena bila kuliaga lile jiwe kwa kitambaa laini. Kichwa kilianza kuvimba, na wenye macho tuliona.

Kisha mkewe akakata ndimu ya samaki. Kesho yake pakaonekana doa lililofifia, kama mahali ng'ombe alipolamba. Siku chache baadaye mchuzi ukamwagika kando ya sufuria, ukaacha duara la njano. Brashi akalisugua kwa sabuni mpaka ngozi ya vidole ikajikunja. Halikutoka. Hapo ndipo alipotoa amri.

"Kuanzia leo hapa juu hakuna ndimu, hakuna manjano, hakuna kukaanga mafuta yakaruka. Jiko lishuke chini kwa muda kidogo tu, mpaka nipate ile dawa."

"Lishuke wapi?" mkewe akauliza.

"Pale lilipokuwa."

"Baba watoto, hebu niambie. Hii kaunta tulijenga kwa ajili ya nini?"

Brashi akatandika nailoni juu ya jiwe, akaondoka kwenda kazini. Mkewe alikasirika mpaka machozi yakamtoka, lakini alilishusha jiko, kwa sababu alichoka kugombana. Akawa anapika mtoto akiwa mgongoni. Mgongo ukimlemea, anamtua na kuweka benchi mlangoni kumzuia asiingie. Hiyo "kidogo tu" ikawa wiki, ikawa mwezi. Dawa haikununuliwa. Nailoni ndiyo iliyokuwa inafurahia marumaru.

Jumapili moja alasiri Brashi alimleta msimamizi wake wa kazi aje aone. Mkewe alikuwa amebandika sufuria ya maji ya chai kwa ajili ya mgeni, palepale chini. Benchi likasogezwa ili mgeni apite.

"Karibu bosi, karibu. Mama watoto, hebu shika upande ule tuifunue."

Wakashika nailoni huku na huku, wakaikunja taratibu. Jiwe likang'aa. Mgeni akasema, "Aisee!" Watu wazima watatu walisimama wakilitazama, na Brashi alikuwa anatabasamu kuliko siku ya harusi yake. Hakuna hata mmoja aliyetazama sakafuni.

Walisikia sufuria ikibiringika, kisha kilio ambacho sitaki kukieleza.

Mama alimnyanyua Bonge, akakimbia naye bombani kumwagia maji ya baridi, huku akipiga kelele za kuita watu. Msimamizi ndiye aliyewasha gari. Brashi alikaa kiti cha nyuma amempakata mwanawe, naye alikuwa anarudia neno moja, "Mwanangu, mwanangu," kama mtu aliyesahau mengine yote.

Hospitalini, muuguzi mmoja mtu mzima alikuwa akiandika maelezo. Hakuwa mkali. Alikuwa anauliza tu kama anavyouliza kila mzazi.

"Jiko lilikuwa wapi, baba?"

"Chini."

"Nyumbani hamna mahali pa juu pa kuliweka?"

Brashi alifungua mdomo. Mkewe alikuwa amesimama pembeni, amemgeukia, naye pia akisubiri jibu.

"Papo," Brashi akasema.

"Sasa?"

Brashi aliinama, akalia mbele ya watu, mtu mzima na ndevu zake. Mkewe hakumbembeleza.

Bonge alipona, tunamshukuru Mungu. Ila mkono wa kulia uliungua vibaya, na makovu yakavivuta vidole viwili ndani ya kiganja. Madaktari wamefanya walichoweza. Anashika kijiko kwa mkono wa kushoto.

Siku waliyorudi nyumbani, Brashi alimwita shemeji yake aje na nyundo. Shemeji, ambaye siku nyingine angekuwa na maneno kumi, alikunja mikono ya shati. Wakalibandua lile jiwe wote wawili, wakapanga vigae vya mabaki, vya rangi tofauti, vingine vya maua na vingine vya mistari. Jiko likapanda juu siku hiyohiyo. Lakini maji yakimwagika hayazoleki.

FUNZO

Wapendwa, ukitaka kujenga kaunta ya jiko na mfuko wako ni mwepesi, usianze kwa kuuliza ipi inang'aa. Uliza nani atapika hapo, atapika nini, na ikichafuka utaisafisha kwa nini. Saruji ya kusugua inatosha. Vigae vya mabaki vinatosha. Kile unachoweza kukitumia bila hofu ndicho cha bei nafuu, na kile usichoweza kukitunza ni ghali hata ukipewa bure.

Na wewe uliyeoa na wewe uliyeolewa, kitu cha ndani ya nyumba kikianza kulindwa kuliko watu wa nyumba hiyo, sema siku hiyohiyo, na ukiambiwa, sikia. Sifa za majirani haziuguzi mtoto.

Bonge sasa ameanza kuongea. Siku moja atamwonesha baba yake ule mkono na kumuuliza uliungua vipi, na Brashi itambidi amjibu. Usijitafutie swali kama hilo.