Fungu la Doto

Gari la shamba lilipasuka mpira Kitogani, na huo ndio uliokuwa mwanzo wa yote. Mpaka dereva amalize kuuziba na kuutukana, jua lilikuwa limeshateremka vichakani. Mwatima alishushwa kwenye njia panda ya Muyuni na kikapu chake cha nguo za mtoto, akabaki peke yake barabarani. Mwaka ulikuwa hamsini na tano, na mimba yake ilikuwa ya miezi saba. Tatu za mwanzo zilitoka kabla hazijaonekana. Hii aliapa haitampotea, na ndiyo maana mumewe, Hamoud, alimruhusu atoke mjini aje kujifungulia kwa shangazi yake, Bi Mwamvua.

"Mja mzito hapishani na magharibi njiani," Bi Mwamvua alikuwa amemtumia salamu. "Ufike jua lingali juu."

Sasa jua halikuwa juu. Mwatima akajikaza, akashika njia. Ulikuwa mwendo mfupi tu, na njia yenyewe aliijua tangu utotoni.

Alipokata kona ya kwanza, akauona.

Mtungi.

Ulikaa palepale ubavuni mwa barabara, juu ya mafiga matatu, chini ya kijipaa cha makuti. Mdomo umefunikwa kwa kawa ndogo, na juu ya kawa imelazwa kata ya kifuu yenye mpini mrefu. Mtungi wa sabili, kama ile wanayoiweka watu wa heri ili mpita njia anywe, amwombee mwenyewe dua, aende zake.

Mwatima alicheka peke yake kwa furaha. Miaka ishirini na mitano alikuwa akiuulizia mtungi huu, na kila mtu wa kwao alimwambia njia ya Muyuni haijapata kuwekwa mtungi. Umeota, walisema. Umechanganya na njia nyengine. Hata Hamoud alizoea kumtania kuwa ameoa mwanamke mwenye mtungi wa ndotoni. Na huu hapa, na ufa wake uleule shingoni.

Kisha furaha ikamtoka, kwa sababu aliikumbuka siku yenyewe.

Alikuwa na miaka saba, na hakuwa Mwatima. Alikuwa Doto. Ndugu yake pacha aliitwa Kurwa, na mama yao alikuwa na sheria moja isiyovunjwa: mapacha hupewa sawa. Muhogo aliupima kwa uzi kabla ya kuukata. Kurwa akishikwa na homa, Doto naye alinyweshwa kwinini, uso umemkunjamana, na mwili wake hauna hata joto. "Ukimpa mmoja ukamnyima mwenziwe," mama alizoea kusema, "umemwita mwengine aje kukugawia."

Siku ile walitumwa kupeleka kuku kwa shangazi. Njiani wakagombana nani ambebe. Walipofika mtungini Kurwa alikunywa, halafu akamtekea mwenziwe kata ya pili. Doto alikuwa amenuna. Akageuza uso, akasema hataki.

Jioni ileile Kurwa alianza kutetemeka. Mama hakuuliza kala nini wala kaanguka wapi. Aliposikia habari ya mtungi, alimkamata Doto mabega, akamuuliza neno moja tu.

"Na wewe ulikunywa?"

"Sikunywa."

Mama alipiga ukelele ambao Doto hakupata kuusahau. Siku ya tatu Kurwa hakuwepo tena. Hakuna aliyemwambia kuwa kafa. "Kaenda kuteka maji," alisema mama, na wiki haijaisha akamhamishia Doto mjini, Mkunazini, akambadilisha na jina. Mpaka mama anafariki, lile la zamani halikutamkwa ndani ya nyumba.

Harufu ya ubani ikampiga Mwatima puani. Na ndani ya ubani... harufu ya udongo uliolowa mvua, ilhali mvua haikunyesha kwa miezi miwili.

Nyuma ya mtungi alikuwa amekaa bibi kizee, kajifunika kaniki, kampa mgongo. Mwatima angeweza kuapa kuwa punde tu hapakuwa na mtu.

"Shikamoo, bibi."

Bibi hakugeuka.

Hakupata kuona maishani mwake mzee asiyeitikia shikamoo. Hata mgonjwa wa kitandani huitikia. Akarudi hatua moja nyuma, na hapo sauti ikatoka vichakani. Sauti nyembamba ya mtoto, imechoka.

"Doto!"

"Naam!"

Ilimponyoka. Alilelewa vizuri, na aliyelelewa vizuri akiitwa huitika. Lakini alifundishwa pia kwamba ikishaingia magharibi huitikii wito wa usiyemwona, mpaka akuite mara tatu. Hilo alilikumbuka mdomo ukiwa umeshamaliza kazi yake.

Yule bibi akacheka kidogo. "Yupo," alisema, kama anayezungumza na mtu mwengine. "Nlijua yupo. Jina tu ndilo walilolificha."

"Maji haya..." Mwatima alinong'ona. "Nani anayateka?"

"Mwenzio. Asubuhi na jioni, kila siku. Mikono ishamchoka. Maji yalikuwa ya watu wawili, kanywa mmoja. Fungu lako nimekuwekea."

Mkono mkavu ukatoka ndani ya kaniki, umeshika kata iliyojaa mpaka ukingoni. Halikumwagika hata tone.

Na Mwatima akaipokea. Mwenye kumlaumu hajafiwa na pacha. Koo lilikuwa limemkauka, na kule vichakani alisikia ndoo ikiburutwa, inakaribia, na pumzi za mtoto anayejizuia kulia. Alimpenda ndugu yake. Kwa miaka yote ile hakupata nafasi ya kumtaka radhi kwa kule kununa. Akainua kata mpaka midomoni.

Teke likampiga tumboni, upande wa kulia.

Na papo hapo, upande wa kushoto.

Mwatima akaelewa jambo ambalo hata mkunga wa mjini hakumwambia. Walikuwa wawili. Kata ikamtoka mkononi, maji yakamwagika juu ya vumbi... na vumbi halikulowa.

Akakimbia. Kikapu alikiacha. Hakuna aliyemfukuza. Alisikia tu ndoo ikiwekwa chini taratibu, kisha maji yakimiminwa mtungini.

Bi Mwamvua alimtazama mara moja tu pale mlangoni. "Umeuona," alisema.

"Mlinambia haupo!"

"Tulisema haupo ili usiutafute, mwanangu. Uliitwa?"

"Niliitwa. Nikaitika. Lakini sikunywa, shangazi. Niliyamwaga."

Bi Mwamvua alikaa kizingitini. Zamani, alisimulia, mwaka wa ukame, palikuwa na mwanamke mwenye mapacha na maji kata moja. Akampa yule aliyelia sana. Mwengine, mpole, akafa kwa kiu kimyakimya. Tangu hapo mama yule huweka mtungi njiani akawanywesha mapacha wa watu, apate kugawa sawa; akinywa mmoja, humchukua akamtekee maji, na fungu la mwenziwe hubaki likimngoja.

"Ndivyo nlivyosikia. Kama kweli, Mungu ndiye ajuaye. Nnalolijua mie ni kwamba Kurwa nlimwosha kwa mikono yangu, na midomo yake ilikuwa imelowa. Kila nkiifuta, inalowa."

Asubuhi walikwenda pamoja. Walikuta mafiga matatu yaliyomezwa na majani, na kikapu. Nguo za mtoto zilikuwa zimetolewa zote, zikapangwa chini mafungu mawili. Sawasawa.

Mapacha walizaliwa wazima, mvulana na msichana. Mwatima alikataa katakata waitwe Kurwa na Doto. Wakaitwa Matar na Borafya. Hakuwapeleka shamba hata siku moja. Na kila walichopewa alikipima. Hamoud alicheka mpaka machozi alipomkuta mkewe anapima mkate wa kumimina kwa uzi, lakini Mwatima hakucheka.

Miaka minne ikapita hivyo, kwa salama.

Jioni moja, adhana ya magharibi inamalizika misikitini, aliwatekea watoto maji ya kunywa, vikombe viwili, kiasi kimoja. Matar akakisukuma chake.

"Sitaki, mama. Nshakunywa."

"Kakupa nani?"

"Yule mtoto wa ndoo. Kapita hapo mlangoni, kalowa mwili mzima."

Midomo ya Matar ilikuwa inang'aa. Mwatima akaifuta kwa ncha ya kanga. Ikalowa tena. Harufu ya udongo mbichi ilikuwa imeshajaa ukumbini. Hakutaka kuuliza. Swali alilijua tangu ana miaka saba, na jibu alilijua, na bado akageuka kwa Borafya, aliyekaa pembeni kanuna kwa kunyang'anywa mchezo wake na nduguye.

"Mwanangu," alisema. "Na wewe ulikunywa?"

"Sikunywa," alijibu Borafya. "Kasema langu ataniwekea."