Jina Lililobaki Kwenye Kioo

Wa kwanza kumwambia Dorcas habari ya kile kioo cha simu alikuwa Adoyo, wifi yake. Ilikuwa Jumamosi moja ya mwaka tisini na tisa, wakifua nepi uani kwao Igoma.

"Wifi, simu ya kaka ina maandishi hata ikiwa imezimwa."

"Maandishi gani?"

"Nenda kaangalie mwenyewe. Mimi siishiki tena."

Okwach, mume wa Dorcas, alipewa simu hiyo na kiwanda cha samaki alikofanya kazi ya kupokea sangara mwaloni, mitumbwi ilikotia nanga. Aliivaa kiunoni hata akienda chooni, mpaka Adoyo akamtania kuwa amefungwa kengele ya ng'ombe. Asubuhi hiyo betri ilikuwa kwenye chaja na simu yenyewe dirishani, tupu. Dorcas aliielekeza kwenye mwanga. Juu ya kioo kidogo palikuwa na herufi nne za rangi ya majivu: OYOO.

Mchana waliipeleka kwa Ngosha, fundi redio wa barabarani. Dorcas alikuwa na mtoto mgongoni, analia.

"Kioo kimeungua?" Okwach aliuliza.

"Kinachoungua ni cha televisheni," Ngosha alisema. "Hiki cha mkononi kina majimaji ndani. Hakiungui, kinachoka. Kikikaa na neno lilelile muda mrefu, tena juani, kinashika kivuli chake. Iliwahi kusahaulika mahali ikiwa inawaka?"

Okwach alitazama barabarani. "Sijui."

"Iweke gizani siku tatu bila betri. Kivuli kitaondoka chenyewe."

"Kisipoondoka?"

"Basi mpangishe chumba," Ngosha alisema akicheka. "Si ana jina tayari?"

Mtoto wao hakuwa nalo. Alikuwa wa kiume, ana wiki tatu, na alilia kutwa. Kwa Wajaluo wa ukoo wa Okwach, mtoto akilia hivyo huitiwa majina ya ndugu waliokufa, moja baada ya jingine. Jina atakalonyamazia ndilo lake, kwa kuwa mwenye jina ameomba kurudi nyumbani. Dorcas alikuwa Msukuma wa Kisesa. Aliyakuta hayo kwenye ndoa, akayakubali.

Jumapili alifika mkwewe, Mama Aloo, kumwitia mjukuu majina. Adoyo alimsimulia habari ya kioo kabla hajaketi.

"Oyoo ni baba wa marehemu mume wangu," Mama Aloo alisema. "Mzee anabisha hodi, nyinyi mnakimbilia kwa fundi?"

Akampakata mtoto. "Ooko," aliita. Mtoto akalia. "Odeta." Akalia. "Oyoo."

Akanyamaza katikati ya kilio, mdomo ukiwa bado wazi.

Adoyo alipiga vigelegele. Okwach, aliyekuwa amekaa kizingitini, alitoka nje.

Jumatatu kioo kilikuwa safi. Ngosha alijisifu kuwa hata siku tatu hazijaisha.

Dorcas alipumzika siku mbili. Siku ya tatu aligundua kuwa mtoto hajalia tena, wala kwa njaa, wala kwa kulowa. Alinyonya kwa mkupuo, kwa sauti ya mtu anayemeza maji asiyotaka. Siku ya nne kanga aliyomlazia mtoto ililowa mpaka kwenye godoro, na haikuwa mkojo. Ilinuka matope na magugu ya ziwani. Dorcas aliifua, akaianika, akaikunja.

Kliniki, muuguzi alimdunga mtoto sindano pajani. Watoto wote kwenye benchi walikuwa wanalia, na huyu wa kwake alimtazama muuguzi bila kupepesa, kwa macho ya mtu mzima aliyekaa mahali siku nyingi akingoja kuonwa, mpaka muuguzi akaisahau pamba mkononi, akauliza kwa sauti ya chini, "Mama, huyu halii?"

"Halii," Dorcas alisema.

Alipomwambia Okwach hayo, mumewe alikaa kitandani akafunika uso.

"Simu ilikuwa ya mnunuzi wa samaki wa kiwanda chetu," alisema. "Oyoo, mtu wa ufukweni upande wa Magu. Aliandika jina lake lionekane kila anapoiwasha. Mtumbwi ulikutwa unaelea, yeye hayumo. Simu ilikuwa humo juani, inawaka, jina liko juu. Mwili haukupatikana. Bosi akaifuta, akanipa."

"Ulijua, ukaacha mama aite?"

"Nilidhani ni babu. Yupo Oyoo wetu pia. Nilitaka awe yeye."

Adoyo na Mama Aloo, waliosikia yote mlangoni, waliingia. Adoyo alimshika Dorcas mkono. "Wifi, ni jini la ziwani."

"Jini lina kwao," Mama Aloo alisema taratibu. "Huyu hajazikwa popote. Tumemfungulia mlango, akaingia."

Jioni hiyo walijaribu kumbadilisha jina. Mama Aloo aliita Ooko, akaita Odeta, akaita wajomba na shangazi na watoto waliokufa bila kukua, akaita mpaka sauti ikakauka, na kila jina lilipita juu ya mtoto bila kumgusa, kwa sababu desturi hiyo husikiliza kilio, na yule hakuwa na kilio cha kunyamazisha, aliwatazama tu kwa zamu, na ndani ya kifua chake kidogo yalisikika maji yakigonga, polepole, kama yanavyogonga mbao za mtumbwi uliofungwa.

"Asiyelia siwezi kumuuliza," Mama Aloo alisema, akamrudisha kwa mama yake.

Asubuhi iliyofuata Dorcas alimwogesha mtoto, akamvika sweta, akamfunga mgongoni. Hakumwamsha mtu. Alipanda gari la kwanza la Magu, akashuka mahali Okwach alipomtajia, akauliza mara mbili njia ya kwa mama yake Oyoo. Nyumba ilikuwa ya bati, karibu na maji. Mwanamke mzee alikuwa ameketi nje, amegeukia ziwani, na pembeni yake palikuwa na sahani ya chakula iliyofunikwa kwa sahani nyingine.

Dorcas alimfungua mtoto mgongoni, akapiga goti.

"Shikamoo, mama," alisema. "Nimemleta Oyoo."