Kulabu Isiyopinda

Gogo la mninga lilikuwa bado limemlalia Gharibu kifuani, na tajiri wake alikwishatuma mtu dukani kununua sanda. Inspekta Tamimu Mbonde aliikuta juu ya boneti ya lori, ndani ya mfuko wa nailoni, kabla hata hajaitazama maiti.

"Haraka ya nini?" aliuliza.

"Maiti haicheleweshwi, afande," alijibu Abdulkarimu, mwenye kiwanda cha mbao. "Gharibu alikuwa kama mdogo wangu kabisa. Na muuaji wake huyo hapo."

Huyo muuaji alikuwa Twalibu, mwendesha winchi. Walikuwa wamemfunga kamba kwenye nguzo, na mdomo ulikuwa umemvimba kwa kipigo. Habari zake Kibiti nzima ilizijua. Aliachana na mkewe Mwanaamina, Gharibu akamwoa, na wanaume hao wawili wakabaki kazini pamoja, mmoja kwenye winchi, mwenzake chini akielekeza magogo yanayopakiwa.

"Kaachia breki makusudi," Abdulkarimu alisema. "Wivu."

Wafanyakazi wakatikisa vichwa kukubali. Ilikuwa miaka ya ruksa, ya biashara huria. Karakana hii ya shirika la umma ilikuwa imeuzwa, na aliyeinunua, Abdulkarimu, ndiye aliyeamua nani arudi kazini kesho. Tamimu hakutegemea kupata ukweli kwenye vichwa vile.

Aliamuru kamba ifunguliwe, akamtia Twalibu pingu za serikali.

"Uliachia breki?"

"Sikuachia, afande."

"Gogo lilishukaje?"

"Mie sikulishusha. Nilikuwa nausikia uzito wake mkononi, mara ukatoweka. Waya ukaruka juu. Ndipo nikasikia kishindo."

"Ulikuwa unamchukia Gharibu?"

"Mwanzoni, ndiyo. Siku hizi tulikuwa tunakula sinia moja."

"Nani atakuamini?"

"Hakuna," alisema Twalibu. "Kitanzi nimekwishakiona."

Tamimu akainua macho. Breki ingeachiwa, waya ungeshuka pamoja na gogo. Huu ulikuwa unaning'inia juu kabisa. Akaagiza kulabu ya mwisho wa waya iteremshwe. Ilikuwa nzima, nene, haina hata ufa. Lakini ndani ya pindo lake, pale mnyororo wa magogo unapokaa na kusugua mpaka chuma king'ae, kulikuwa na kutu na utando wa buibui.

Alipiga magoti kwenye unga wa mbao kando ya maiti, akapekua kwa vidole. Akaokota kipande cha chuma kilichochongoka, ncha ya kulabu. Mahali kilipokatika palimetameta kama chumvi ya mawe. Na kulabu iliyokuwa ikining'inia ilikuwa na ncha yake. Akakitia kwenye bahasha ya vielelezo bila kumwambia mtu.

Twalibu aliwekwa mahabusu. Gharibu, baada ya daktari kumaliza uchunguzi, alizikwa na sanda ile ile, na Abdulkarimu akasimama kando ya kaburi akipokea mikono ya pole kama mfiwa. Tamimu alimtazama akifuta machozi kwa leso safi. Alitamani kutema mate, ila mahali hapakumruhusu.

Kesho yake alikuwa Dar es Salaam, kwenye maabara ya vyuma, mbele ya Mhandisi Yasmini, mwanamke asiyependa maneno mengi. Yasmini alikikata kipande hicho kidogo pembeni, akakisugua, akakitazama kwa hadubini.

"Kulabu hutakiwa iwe na ulaini kiasi," alisema.

"Ulaini? Si ndiyo itapinda?"

"Ndiyo maana yake. Atomi za chuma zimejipanga kwa utaratibu, safu juu ya safu. Mpangilio huo tunauita fuwele. Ukizidisha mzigo, safu zinateleza, kulabu inafunguka mdomo polepole. Unaona, unashusha mzigo. Hii haikumwonya mtu."

"Kwa nini?"

"Imefuliwa kwa chuma cha springi ya lori, chenye kaboni ya kutosha. Mtu ameirudisha motoni, akaipasha kupita kiasi, ndiyo maana unaona punje zake kubwa hivi. Halafu akaizamisha ghafla kwenye maji. Kaboni imenaswa ndani ya fuwele, safu zimekwama. Tupa haiikwaruzi. Lakini haivutiki, inapasuka kama chungu."

"Kwa hiyo ni ngumu, na bado inakatika."

"Inakatika kwa sababu ya huo ugumu, Inspekta. Na jambo moja zaidi. Kwenye ukoko wake kuna chumvi. Yalikuwa maji ya bahari."

Tamimu alirudi Kibiti akiwa amenuna njia nzima. Nyuma ya kiwanda palikuwa na kibanda cha uhunzi, na kando ya fuawe pipa limejaa maji. Akachovya kidole, akalamba, akatema.

"Maji ya bahari huku mbali na pwani ya nini?"

"Ya mashoka ya wakata mikoko," alijibu Abdulkarimu, hana wasiwasi. "Mie mtu wa visiwani, afande, baba alikuwa mhunzi. Mkoko mgumu. Shoka lisilonyweshwa maji ya chumvi halikai makali. Watu wanatoka delta wananifuata mie."

"Baba yako alikuwa analizamisha shoka zima?"

Abdulkarimu akacheka. "Mdomo tu, afande. Mwili unaachwa laini."

"Kwa nini?"

"Ukizama mwili, shoka linapasuka, linamwumiza mwenye..."

Hakumaliza. Tamimu alikuwa ameiweka ile ncha juu ya fuawe.

"Hii ilizama nzima," Tamimu alisema, akalipiga pipa teke. Maji yakamwagika, na pamoja na tope la chini ikatoka kulabu iliyokatika. Aliiokota na kuiunganisha na ncha yake. Punje zilikaa mahali pake, hazikuacha nafasi.

Kituoni, baada ya kuonywa kisheria, Abdulkarimu alieleza yote bila kuulizwa sana. Lililomchukiza Tamimu ni sauti yake, sauti ya mtu anayelalamika kwamba yeye ndiye aliyeonewa.

"Ile kulabu ilikuwa inafunguka kila nikipakia magogo makubwa. Gharibu kila asubuhi anaupima mdomo wa kulabu kwa kidole. Ukizidi kidole, anasimamisha kazi. Mzigo umezidi, anasema, mbele ya wateja na vibarua wangu. Nikaona niifanye isipinde. Akipima, asiwe na la kusema."

"Wewe mtoto wa mhunzi. Ulijua itakatika."

"Nilijua inaweza. Nikasema labda siyo leo."

"Na Twalibu?"

"Watu walikwenda kutafuta majeki, nikateremsha waya, nikafunga kulabu kuukuu, nikaurudisha juu. Iliyokatika nikaificha pipani. Wivu nimeukuta, afande. Sikuuanzisha mie."

"Angenyongwa."

Abdulkarimu akatazama mikono yake. "Hana watoto," alisema.

Tamimu alisimama, akafungua dirisha. Alikwishakutana na wezi, wachinja watu na wabakaji, lakini na mtu huyu hakutaka kuendelea kukaa chumba kimoja. Akamwita askari ampeleke kwa mlinzi wa amani, hakimu wa mahakama ya mwanzo, akarudie ungamo lake huko.

Jioni alimtoa Twalibu mahabusu, wakaenda pamoja kwa Mwanaamina. Mjane alikuwa kwenye eda, akawasikiliza akiwa nyuma ya pazia. Tamimu alimweleza yote, kuanzia kidole cha Gharibu kwenye mdomo wa kulabu mpaka pipa la maji ya chumvi.

"Twalibu," sauti ilisema, "mie nimekuapiza mbele ya watu."

"Nimesikia. Nilikuwa nakusikia kwenye dirisha la mahabusu."

"Nisamehe."

"Nimekusamehe. Mie mwenyewe nalia, sina rafiki."

Kisha Mwanaamina akauliza, "Afande, ile sanda ilitoka kwa nani?"

Tamimu angeweza kusema hajui. "Kwa Abdulkarimu," alijibu.

"Basi mume wangu amelala ndani ya nguo ya aliyemuua."

Inspekta aliaga, akatoka mpaka ukingoni mwa ua, ile chumvi ya pipa bado anaisikia ulimini. Akatema mate, akatema tena, na haikutoka.